Kisu kuteleza kwenye ngozi ya mbuta

Dada, umesema unanoa nusu saa na bado kisu kinateleza kwenye ngozi ya mbuta (sangara) hapo Dunga, ufukoni Kisumu. Kinoo chako cha 1000 (namba ya ulaini wa chembe za jiwe) kinatosha. Tatizo ni kwamba unaponoa, jiwe haligusi ukingo wenyewe wa makali. Paka makali wino wa kalamu nzito, pitisha kisu kwenye kinoo mara tatu, utazame. Wino ukibaki ukingoni kabisa, umelaza kisu mno: inua mgongo wa kisu kidogo, kiwe nyuzi 15 hadi 20 kutoka kwenye jiwe. Noa upande mmoja mpaka kidole gumba, kikitoka mgongoni kwenda nje, kihisi kijinywele cha chuma (ukingo mwembamba uliojikunja) upande wa pili, toka mpini hadi nchani. Usigeuze kabla ya hapo! Kisha malizia kwa mkono mwepesi, ukibadilisha pande, hadi kijinywele kiishe. Tope la jiwe usilioshe, linakata.