Walimu Wenzangu, Tusishindane na Kelele

Nafundisha shule ya msingi wilayani Newala, kusini mwa Tanzania, na kila mwalimu anapokauka sauti ofisini kwetu, ushauri wa kwanza anaopewa ni kutafuna tangawizi. Tangawizi huliwaza koo, sikatai, lakini tunachokimeza hupita njia ya chakula, wala hakizigusi nyuzi za sauti, ambazo zimo ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwenye njia ya hewa. Mwanamume anapoongea, nyuzi hizo hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kwa mwanamke hufika takriban mara 200, jambo linalochangia walimu wa kike kuumia zaidi. Mtu anapopaza sauti, nyuzi hugongana kwa nguvu, na mambo yakiwa hivyo muhula baada ya muhula, huvimba na hata kuota vinundu.

Basi tujiulize kinachotufanya tupaze sauti. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko hao si jambo geni. Isitoshe, muhula huanza Januari mvua zikiwa zimekolea, na madarasa mengi yameezekwa bati bila dari. Mvua ikishuka, mwalimu hasikiki hata dawati la tatu. Hupaza sauti, watoto nao huongeza zao ili wasikilizane, naye hulazimika kupaza tena. Mimi mvua ikianza hugonga ubao mara mbili kwa dasta, ishara ambayo watoto wameizoea, kisha huandika zoezi na kupita kati ya madawati nikimwelekeza mmoja mmoja kwa karibu. Kipindi hakipotei, na koo linapumzika. Mstarini pia, mwalimu wa zamu atumie filimbi na asubiri watoto wanyamaze ndipo aseme.

Vumbi nalo huumiza koo. La chaki hupungua ubao ukifutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Linalonisikitisha zaidi ni la salfa, dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ukungu. Wengi wetu tuna mikorosho, na katika msimu wa kupuliza, mwalimu huamka alfajiri umande ungali majanini, akavuta unga ule unaowasha koo na macho, halafu saa mbili yuko darasani akifundisha kusoma. Ningependa tupulize Jumamosi, tukiwa tumevaa barakoa. Maji nayo ni ya shida huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kwa hiyo njoo na chupa yako kutoka nyumbani na unywe kidogo kidogo kila baada ya kipindi.

Sauti ikishakauka, usinong'one kwa nguvu ukidhani unaipumzisha, kwani kunong'ona huko huzikaza nyuzi, na kukohoakohoa ili kusafisha koo huzigonganisha. Nyamaza kwa kadiri uwezavyo. Ikipita wiki 3 bila nafuu, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zenyewe, kwa kuwa mara chache ukavu wa namna hiyo huwa dalili ya saratani. Na kama ni vinundu, mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mafunzo ya kutumia sauti, bila upasuaji. Wakuu wa shule nao wakubali kubadilishana vipindi, ili mwenzetu aliyekauka sauti asahihishe madaftari wiki hiyo na mwingine amshikie somo la kusoma.