Jibu: Kumkinga mtoto wa miezi 4 na mafua ya msimu

Pole dada. Umeuliza umkinge vipi mtoto wa miezi 4 wakati kaka yake anarudi na mafua kutoka shule kila msimu. Anza na huyo mkubwa: akiingia tu, anawe mikono kwa sabuni, sekunde 20 hivi, mpaka katikati ya vidole, ndipo amshike mdogo wake. Akiwa anakohoa, asimbusu usoni.

Chanjo ya homa ya mafua hutolewa kuanzia miezi 6, kwa hiyo kwa sasa kinga ya mdogo ni nyinyi mnaomzunguka kuchanjwa, pamoja na maziwa yako. Endelea kunyonyesha hata ukiugua, ila vaa barakoa. Moshi wa sigara usiingie ndani kabisa. Na tafadhali sana, antibayotiki usimpe kwa kukisia, haziui virusi.

Akianza kukohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, hiyo inaweza kuwa nimonia. Usingoje kukuche, mpeleke hospitali.