Lile neno "litang'oka tu"

Binti yangu alikuwa na miaka 4 na ushei aliponiamsha usiku, kiganja kimeshika shavu. "Mama, ino lauma." Nikamulika kwa taa ya simu. Gego la chini upande wa kushoto, lile la mwisho kabisa, lilikuwa na tundu la kutosha punje ya mtama, kingo zake nyeusi. Nikamwekea karafuu ya kuponda, akalala. Asubuhi nikamweleza mama mkwe wangu, naye akanituliza: "Hilo la utoto, mwanangu. Litang'oka tu." Neno hilo nimelisikia tangu nizaliwe hapa Langoni, Lamu, nikaliamini. Kosa langu lilianzia hapo.

Maumivu yalikuja yakaondoka. Nikaona atafunia upande mmoja, samaki anamchambua akimsogeza kulia, nyama anaitema. Nilidhani ni deko. Alipotimiza miaka 5 akaamka siku moja taya limevimba, ngozi inang'aa, mwili moto. Hospitalini wakakuta usaha umekusanyika kwenye mizizi ya jino. Akapewa dawa, uvimbe uliposhuka gego likang'olewa. Nilimpakata huku akinishika ushungi kwa mikono yote miwili, na mshiko ule mpaka leo sijausahau. Daktari aliniambia kwa upole kwamba tundu lilipokuwa dogo lingezibwa kwa kikao kimoja.

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Mtoto ana meno 20 ya utoto. La kwanza hutokeza akiwa na miezi 6 hivi, na kufikia miaka 3 huwa yametimia. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6 au 7, na kwa kuwa ndiyo tunayoyaona, na ndiyo tuliyokuwa tukiyarusha juu ya paa utotoni, tunadhani yote huondoka wakati huo. Magego sivyo. Hayo hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Jino la binti yangu lilikuwa na kazi ya miaka 5 au 6 mbele yake.

Kazi yenyewe si kutafuna tu. Chini ya gego la utoto, ndani ya taya, jino la ukubwani linajijenga polepole, na lile la juu linalishikia mahali. Ni kama mwenzio anayekushikia nafasi kwenye mashua ya kwenda Mokowe: akiinuka kabla hujafika, waliokaa kando watasogea na hutapata pa kukaa. Mtoto akifika miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utoto huota gego jipya la ukubwani, lisilosubiri jino lolote ling'oke. (Wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Hilo halina mrithi.) Kwa binti yangu, gego hilo lilikuta pengo mbele yake, likainamia pale. Sasa ana miaka 11, na jino lililopaswa kuota kwenye pengo limejitokeza upande wa ulimi. Kulirudisha mahali pake kunataka nyaya, safari za Mombasa na fedha ambazo bado tunazikusanya.

Nilipokaa nikafikiri lilioza kwa nini, jibu nililikuta mfukoni mwa buibui langu: mabuyu, zile kokwa za ubuyu zilizopakwa sukari na rangi. Nilikuwa nikimnunulia pakiti kila alasiri akienda madrasa. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali inayomung'unya jino, na kila sukari inapoingia, mate huhitaji kama nusu saa kuituliza ile tindikali. Mtoto mwenye mabuyu hamalizi. Anamung'unya kokwa moja, anatembea, anacheza, anatia jingine, mpaka ulimi umekuwa mwekundu na saa nzima imepita bila mate kupata nafasi. Na gamba la nje la jino la utoto ni jembamba kuliko la mtu mzima, likitoboka halikawii kufika ndani. Simkatazi mtu kumpa mwanawe kaimati au tende. Mpe pamoja na chakula, amalize, anywe maji. Kinachoangamiza ni kula kidogo kidogo mchana kutwa, na chupa ya maziwa au chai ya sukari anayolala nayo mdomoni, kwani usingizini mate hupungua.

Kupiga mswaki kunaanza na jino la kwanza, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayoimarisha jino: chini ya miaka 3 mpake kiasi cha punje ya mchele, baadaye kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua sana. Na umpigishe wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au zaidi. Mkono wa mtoto mdogo haufiki kwenye magego, hata akikuapia kwamba ameshapiga.

Jingine nalisema kwa uchungu. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, usimpeleke kwa mtu wa kumchokoa fizi eti ana "meno ya plastiki". Vile vinundu vyeupe vinavyoonekana kwenye ufizi ni chonge zake zinazokuja. Kuzichokoa kunamwachia jeraha, hatari ya kidonda kuingia vijidudu, na huenda kukaharibu hata chonge za ukubwani. Mpeleke hospitali atibiwe kuharisha kwake.

Mdogo wa binti yangu sasa ana miaka 3. Baada ya isha namlaza mkekani, kichwa mapajani mwangu, nampigisha mswaki, kisha nauinua mdomo wa juu nitazame meno ya mbele pale yanapokutana na ufizi. Mwezi uliopita niliona mstari mweupe kama wa chaki. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kabla ya rangi ya kahawia, kabla ya tundu, na wakati huo jino bado laokoka. Nilimpeleka wiki ile ile, akapakwa dawa ya floraidi, na tumeiacha chupa ya usiku. Mstari haujaongezeka. Anayetushikia taa kila usiku ni bibi yake.