Wasomaji Wanauliza: Kutoka konstebo hadi mkuu wa polisi London

Mhariri, IGP wa Uingereza huteuliwa na nani? Huku kwetu ni Rais. Huko ni Mfalme? (Msomaji, Tanga)

Uingereza haina IGP. Kwa England na Wales peke yake kuna majeshi 43 ya polisi ya maeneo, na hakuna mkuu wa jeshi moja anayemwamuru mwenziwe. Mkuu huyo huitwa Chief Constable, isipokuwa kwenye majeshi mawili ya London, ambako ni Commissioner. Unayemwona kwenye televisheni ukadhani ndiye IGP ni Commissioner wa Metropolitan, mojawapo ya majeshi hayo mawili ya London. Huyo kweli huteuliwa na Mfalme, ila jina hupelekwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, naye hutakiwa kuzingatia maoni ya Meya wa London. Nje ya London, tangu 2012, sehemu nyingi mteuzi ni kamishna wa polisi na uhalifu, mwanasiasa wa kupigiwa kura (jina linapotosha, si polisi huyo). Mteule huhojiwa hadharani na jopo, wengi wao madiwani. Theluthi mbili wakimkataa, atafutwe mwingine.

Nina shahada ya uzamili ya utawala. Naweza kuanzia cheo cha juu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Mwaka 2014 waliwafungulia raia mlango wa kuanzia urakibu, lakini haukudumu. Utaanza konstebo, miaka miwili ya majaribio, kisha sajini (koplo huko hakuna), mkaguzi, mkaguzi mkuu, mrakibu, mrakibu mkuu. Usajini na ukaguzi vina mtihani wa sheria. Wengi hukwama kwenye urakibu mkuu, kwa sababu kuvuka hapo kunahitaji kupita mchujo na kozi maalumu ya makamanda, na nafasi zenyewe ni za kuhesabu.

Mfano mzuri ni Cressida Dick. Aliingia Metropolitan mwaka 1983 kama konstebo, akahamia jeshi la Thames Valley, nje ya London, mwaka 1995 akiwa mrakibu, akarudi London mwaka 2001 na cheo cha Commander, kilicho juu ya mrakibu mkuu. Kuhama jeshi hivyo ni jambo la kawaida kwa anayelenga juu. Alifika kileleni mwaka 2017, mwanamke wa kwanza, miaka 34 tangu alipoanza.

Huyo Dick aliondokaje mwaka 2022, ikiwa Meya si mteuzi wake? (Msomaji, Zanzibar)

Kisheria Meya hawezi kumfukuza peke yake, lazima Waziri aridhie. Lakini mkuu wa polisi asiyeaminiwa na Meya hana wa kufanya naye kazi. Februari 2022, baada ya ripoti kuhusu ujumbe wa simu wa matusi ya kijinsia na kibaguzi miongoni mwa askari wa kituo cha Charing Cross, Meya Sadiq Khan alisema mpango wa Dick wa kurekebisha jeshi haumridhishi. Dick akatangaza kuondoka siku hiyo hiyo.

Linganisha na 2005. Ndiye aliyeongoza operesheni ambayo askari walimpiga risasi Jean Charles de Menezes, fundi umeme Mbrazili asiye na hatia, ndani ya treni kituoni Stockwell. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama lilitia jeshi hatiani chini ya sheria ya usalama na afya kazini, faini pauni 175,000, likaongeza kwamba Dick binafsi hana lawama. Alipanda cheo baada ya hapo. Simu za askari wa chini ndizo zilizomng'oa.