Maswali ya Wasomaji: Kamera Nzito na Kifundo cha Mkono Kinachouma

SWALI: Ndugu Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mpiga picha wa harusi na hafla, na kwa miaka mingi nimetumia kamera kubwa yenye kioo cha ndani (DSLR) na sensa, yaani kipande kinachonasa mwanga, ya fremu kamili, pamoja na lenzi mbili za zumu, ya milimita 24–70 na ya 70–200, zote za f/2.8 (namba ya tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Tangu mwaka jana kifundo cha mkono wangu wa kulia huniuma kila baada ya kazi ndefu, na siku hizi huamka usiku nikiwa na ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, ambayo haiachii mpaka niukung'ute mkono. Wenzangu wananishauri niuze vifaa vyote nihamie kamera isiyo na kioo kwa sababu ni nyepesi. Je, nifanye hivyo? Na nikifanya, ubora wa picha zangu hautashuka?
— Mpiga picha wa hafla

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia kamera, naomba tuuzungumzie mkono. Ganzi ya usiku katika vidole hivyo vitatu, inayoachia mtu anapokung'uta mkono, inafanana sana na dalili za kubanwa kwa neva ya kati. Neva hiyo huingia kiganjani kupitia njia nyembamba iliyo ndani ya kifundo, na humo imesongamana na kano tisa zinazokunja vidole. Kifundo kinapokaa kimepinda kwa muda mrefu huku vidole vimekaza, jambo ambalo ndilo hasa mkono wa kulia wa mpiga picha hulifanya, shinikizo ndani ya njia hiyo hupanda na neva hubanwa. Dalili huja usiku kwa sababu wengi wetu hulala tukiwa tumekunja viganja. Hata hivyo, kazi si chanzo pekee: kisukari, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi ipasavyo na hata ujauzito huweza kuleta hali hiyo hiyo, na hakuna lenzi nyepesi itakayotibu kisukari. Kwa hiyo mwone daktari kwanza. Huenda akaanza na jambo dogo tu, kama vile kukuvalisha splinti wakati wa kulala ili kifundo kikae kimenyooka. Ukiona ganzi haiondoki hata mchana, vitu vinakuponyoka mkononi, au nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua, usisubiri msimu wa harusi uishe, kwa sababu neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudie hali yake yote.

Sasa tuje kwenye vifaa. Hukutaja aina ya kamera yako, kwa hiyo nachukua mfano wa Canon EOS 5D Mark IV, ambayo ina uzito wa gramu 890 ikiwa na betri na kadi. Ukiifunga lenzi ya EF 24–70 f/2.8L II yenye gramu 805, unashika gramu 1,695. Ukiifunga EF 70–200 f/2.8L IS II, yenye gramu 1,490, unashika gramu 2,380. Tazama hesabu hiyo ya pili: lenzi peke yake ni nzito kuliko kamera kwa gramu 600, tena uzito wake uko mbele, mbali na kifundo, na kadiri uzito unavyokuwa mbali na kifundo ndivyo misuli ya mkono inavyolazimika kukaza zaidi ili kamera isiinamishe pua. Wanaokuambia uhamie kamera isiyo na kioo wanafikiria kamera, ilhali sehemu kubwa ya mzigo wako ni lenzi.

Ndiyo maana ushauri wa "ondoa kioo, uzito utapungua" hauna ukweli wote. Kuondoa kioo kunapunguza ukubwa wa kamera, lakini lenzi ya f/2.8 inayopaswa kufunika sensa ya fremu kamili, ya milimita 36 kwa 24, bado inahitaji vipande vikubwa vya lenzi, iwe kamera ina kioo au haina. Canon EOS R6 Mark II ina gramu 670, nafuu ya gramu 220 ukilinganisha na 5D tuliyoitaja. Lakini lenzi yake ya RF 24–70 f/2.8L IS ina gramu 900, kwa hiyo ni nzito kuliko ile ya zamani kwa sababu imewekewa mfumo wa kutuliza mtikisiko. Jumla ni gramu 1,570. Mtu ameuza vifaa vyake vyote, ameongeza fedha, na kifundo chake kimepunguziwa gramu 125. Upande wa lenzi ndefu mambo ni mazuri zaidi, kwani RF 70–200 f/2.8L IS ina gramu 1,070, na gramu 640 zilizopungua kwa jumla ni jambo ambalo mkono utalihisi.

Nafuu kubwa hupatikana sensa inapokuwa ndogo. Mfumo wa Micro Four Thirds, uliotangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, hutumia sensa ya milimita 17.3 kwa 13, ambayo eneo lake ni takriban robo ya fremu kamili. Kamera ya OM System OM-5 ina gramu 414. Ukiipa lenzi ya 12–40 f/2.8, yenye gramu 382, unapata, kwa sababu ya sensa hiyo ndogo, upana wa picha unaokaribiana na wa 24–70 kwenye fremu kamili kwa gramu 796 tu. Na ukiipa Panasonic 35–100 f/2.8 II, yenye gramu 357, unapata upana ule ule wa 70–200 kwa gramu 771, chini ya theluthi ya ule mzigo wa gramu 2,380. Katikati ya hizo mbili kwa ukubwa kuna sensa za APS-C: Fujifilm X-T5 yenye gramu 557 pamoja na lenzi ya XF 16–55 f/2.8 toleo la pili, gramu 410, haifiki kilo moja.

Uliuliza kuhusu ubora, na hapa nitakuwa mkweli kwa sababu watangazaji wa biashara hawapendi kulisema: ndiyo, kuna kinachopotea. Katika Micro Four Thirds, f/2.8 hukupa mwangaza ule ule wa picha, lakini mandhari ya nyuma hufifia kwa kiasi ambacho fremu kamili ingekupa kwenye f/5.6, na katika ukumbi wenye giza picha huonyesha chenga (madoadoa) mapema zaidi, takriban hatua mbili za mwanga, kila hatua ikiwa ni mwanga maradufu. Katika APS-C pengo ni kama hatua moja. Mfumo mzuri wa kutuliza mtikisiko ulio ndani ya kamera husaidia mradi unayempiga picha ametulia. Kwa bwana harusi anayecheza muziki, mfumo huo hausaidii hata kidogo. Sehemu ya pengo hilo unaweza kuliziba kwa lenzi zisizo na zumu zinazofunguka hadi f/1.8 au f/1.4, ambazo katika mifumo hii ni ndogo na nyepesi. Kwa picha za mchana, za familia na za albamu ya kawaida, sidhani kama mteja ataona tofauti. Kwa sherehe za usiku zisizoruhusu flashi, utaiona wewe, na pengine mteja pia.

Kwa sababu hiyo, mimi nisingeanza kwa kuuza. Ningeibakiza kamera niliyonayo na kubadili lenzi kwanza. Katika mfano wetu, EF 70–200 f/4L IS II ina gramu 780, kwa hiyo unapunguza gramu 710 bila kugusa kamera, na hizo ni zaidi ya gramu 640 ambazo kuhamia R6 Mark II na lenzi yake ya f/2.8 kungekupunguzia. EF 35 f/2 IS ina gramu 335, EF 85 f/1.8 ina gramu 425, na EF 50 f/1.8 STM ni gramu 160 tu, kiasi kwamba ukiifunga hutahisi kama ipo. Fanya hafla kadhaa kwa lenzi za namna hiyo. Ikiwa mkono umepata nafuu lakini haitoshi, hapo azima au kodi mfumo wa sensa ndogo na uutumie kwenye kazi ndefu, kwa kuwa dakika 10 za kuishika kamera dukani hazikuambii chochote. Mkono huanza kulalamika saa ya nne.

Usisahau pia namna unavyoshika. Mkono wa kushoto ndio unaopaswa kubeba mzigo, kiganja kikiwa chini ya lenzi na kiwiko kimeegemea mbavu. Wa kulia uongoze na kubonyeza tu. Wapiga picha wengi wa hafla hutembea kati ya picha na picha huku kamera ikining'inia kwenye mkono wa kulia, vidole vimekaza, na kwa maoni yangu hapo ndipo kifundo kinapoharibikia zaidi kuliko wakati wa kupiga picha zenyewe. Mkanda unaopita begani hadi kiunoni huondoa kosa hilo. Picha za wima nazo hukilazimisha kifundo cha kulia kupinda juu ya kamera. Kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera, chenye kitufe chake cha kupigia picha, huongeza uzito kidogo lakini hukiacha kifundo kikiwa kimenyooka, na kwa neva iliyobanwa mimi ningekubali hizo gramu. Kwa hotuba ndefu, stendi ya mguu mmoja itaubeba mzigo wote.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi nilikwisha kuhamia kamera ndogo isiyo na kioo kwa sababu ya maumivu kama hayo. Kwa muda nilipata nafuu, lakini sasa naumwa upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, hasa ninapofungua kifuniko cha chupa au ninapombeba mwanangu mchanga. Inawezekanaje kamera nyepesi ikaumiza?
— Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Inawezekana, dada yangu, kwa sababu kamera ndogo hushikwa kwa namna nyingine. Kubwa hujaa kiganjani. Ndogo isiyo na kishikio hubanwa kwa ncha za vidole, kidole cha mwisho kikikosa mahali pa kukaa, na kidole gumba hufanya kazi ya kushika na ya kuzungusha magurudumu kwa wakati mmoja. Mahali unapopataja hupita kano mbili za kidole gumba ndani ya ala moja, na ala hiyo ikivimba kano hukwaruzana nayo. Hali hii hujulikana kwa jina la de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895, na huwapata sana wazazi wenye watoto wachanga, kwa hiyo usiitwishe kamera lawama yote. Kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho: maumivu makali hapo ni sababu tosha ya kumwona daktari, ambaye anaweza kukupa splinti inayotuliza kidole gumba au, isipotosha, sindano.

Kwenye kamera, fanya mambo mawili. Funga kishikio cha ziada, hata kile chembamba cha chuma kinachoongeza sentimita moja au mbili chini, ili kidole cha mwisho kipate pa kukaa. Kisha, kama umezoea kulenga kwa kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa kidole gumba, rudisha kazi hiyo kwenye kitufe cha kupigia picha, kwani kwa siku nzima kidole hicho kimekuwa kikibonyeza bila kupumzika. Unapomnyanyua mtoto, usimshike kwapani huku vidole gumba vimepanuka. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio yake na mwingine mgongoni, viganja vikitazama juu, ili uzito ukae kwenye mikono yote miwili na si kwenye vidole gumba. Simu nayo iandikie kwa kidole cha shahada mpaka maumivu yatulie.