Pete iliyozama Diani: mashine gani ya kununua?

Pole dada kwa pete ya ndoa kuzama Diani, maji ya magotini. Kabla hujanunua kigunduzi cha metali hapo Nairobi, muulize muuzaji: kisanduku chenyewe cha umeme kinastahimili maji, au ni koili tu, ile sahani ya chini inayonusa metali? Changu cha kwanza kilikufa kwa kosa hilo. Halafu maji ya chumvi hupitisha umeme. Mashine ya masafa (frequency) mamoja italialia ovyo, chukua ya masafa mengi. Nenda maji yakipwa, telezesha koili polepole karibu na mchanga, na uchimbe hata mlio hafifu, maana pete ya dhahabu hulia kama foili ya sigara. Ile ni hifadhi ya bahari, ongea na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza. Ukikuta kitu cha kale, sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inakilinda: kiache, uwaarifu Makumbusho ya Taifa.