Mbao Kuukuu Isiguse Mashine Kabla Hujajua Ilikotoka

Ninyi mlioingia karakanani kwetu Iringa karibuni, wengine mkitoka VETA na wengine kwa mafundi wa mitaani, mmeshaona kwamba mashine hapa ni za wote. Randa ni moja, msumeno wa meza ni mmoja, na mtu akivunja jino la msumeno asubuhi, mwenzake anayemalizia kabati la mteja jioni ndiye anayeumia. Mbao mpya ya paini iliyoshushwa kutoka Mafinga haina maswali mengi. Mbao kuukuu ina maswali, na nawaomba muyaulize kabla ya kushika sumaku ya kutafutia chuma kilichojificha ndani yake, kwa sababu sumaku haijui pa kutafuta. Wewe ndiye unayepaswa kujua.

Swali la kwanza: mbao hii ilikuwa inafanya kazi gani?

Kama ilikuwa papi la paa, misumari ya bati ilipigwa kwa mstari. Bati likibanduliwa kwa haraka, mwavuli wa msumari huondoka nalo, na mwili hubaki ndani ukiwa umekatika sawasawa na uso wa mbao, umefunikwa na kutu na masizi ya jikoni. Ukipata miwili, pima nafasi iliyopo kati yao, kisha tafuta wa tatu kwa kipimo hichohicho hata kama macho hayaoni kitu. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ni ngumu zaidi. Kwenye maungio, misumari ya inchi 4 na 5 hupigwa mshazari, kwa hiyo ncha iko mbali na kichwa, na upande wa chini kunabaki vijisumari vya dari ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Mbao iliyofungia zege ina misumari, vipande vya waya wa kufungia nondo, na saruji yenyewe. Saruji inaua makali hata pasipo chuma. Isugueni kwanza kwa brashi ngumu, ila si brashi ya waya iliyochakaa, maana nyuzi zake hukatikia ndani ya mbao mkawa mmeongeza chuma mlichotaka kukitoa. Mbao za sakafu ya lori, ambazo hatuzikosi kwa kuwa tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, zina bolti, ribiti za alumini na kokoto zilizokandamizwa na mizigo. Sumaku haitakuambia lolote kuhusu kokoto wala alumini.

Gogo la mti wa mpakani mwa shamba nalo lihesabuni humohumo, ingawa si mbao kuukuu. Mti ulioshikilia seng'enge huimeza kadiri unavyonenepa. Lakini mti hurefuka kwa kileleni tu, kwa hiyo waya hubaki kwenye kimo kilekile ulichofungwa. Mkijua upande wa kisiki, chunguzeni hasa sehemu ya kuanzia gotini mpaka kifuani mwa mtu.

Sasa sumaku. Ile kubwa ya spika mbovu inafaa sana. Ifungeni ndani ya mfuko wa nailoni ili unga wa chuma usiigande, iningʼinizeni kwa uzi mwembamba, kisha ipitisheni polepole juu ya mbao karibu na kuigusa. Penye chuma itavutwa pembeni au itanasa. Mkiishika mkononi, kiganja hakitasikia mvuto mdogo ambao uzi unauonyesha wazi. Skrubu za shaba haitazigundua. Kwa hizo tuna kile kifaa cha kukagulia, cha aina wanayotumia walinzi getini. Mbao iwekwe juu ya farasi wa mbao (vile viegemeo vya miguu minne vya kuwekea kazi), si meza ya chuma, na saa na pete ziwekwe pembeni, la sivyo kitalia muda wote.

Macho nayo yana kazi. Mulikeni tochi kwa ubavu, karibu ilale juu ya mbao, na matundu yaliyozibwa puti yataonyesha kivuli. Kwenye mbao zenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma), msumari wa chuma huacha doa jeusi la kibuluu linalofuata nyuzi za mbao. Paini haina tanini nyingi, kwa hiyo kukosekana kwa doa jeusi kwenye paini si ushahidi wa chochote.

Kila mnachokipata kizungushieni chaki pande zote mbili. Msumari uliokatika kichwa msiufukue kwa patasi nzuri. Toboeni kuuzunguka kwa kibomba chenye meno, toeni kipande chote, kisha zibeni kwa kigingi cha mbao ya aina ileile. Mbao za paleti mimi sizihangaikii: nakata ncha zote mbili zenye misumari ya msokoto kwa msumeno wa mkono wa zamani na kubaki na katikati.

Mkishapitisha randa mara ya kwanza, kagueni tena. Wengi wanaruka hatua hii na mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa uso mpya unaleta karibu kile ambacho sumaku ilikuwa haikifikii.

 Kisu cha randa kikipata pengo, kila mbao inayopita baadaye, ya mtu yeyote, hutoka na mstari ulioinuka. Kisu kimoja kinaweza kusogezwa milimita moja pembeni ili kifunike pengo la mwenzake, lakini hiyo ni nafuu ya muda tu mpaka vinolewe.

Mkisikia mlio wa chuma, zimeni mashine na semeni papo hapo, msingoje kuulizwa. Cheche iliyoingia kwenye vumbi la mbao inaweza kufuka kwa saa nyingi bila moto kuonekana. Pipa la vumbi limwagwe nje palepale, vumbi litawanywe na kumwagiwa maji, na anayefunga karakana jioni aambiwe, ili apitie chini ya mashine kabla hajaondoka.